Nyota Chini ya Mstari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kijiti cha kioo na ndoo ya maji ya chumvi, nikaambiwa nisiseme neno mpaka kijiti kitulie. Ilikuwa Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa msichana wa Mambrui, nimetoka tu kumaliza masomo ya maabara, na viatu vyangu vyeusi vilikuwa vimegeuka vyeupe kabla ya saa nne asubuhi. Kijiti kile kilikuwa na tumbo zito chini na mistari midogo shingoni. Maji yakiwa mazito kwa chumvi kilielea juu, yakiwa mepesi kilizama. Hivyo ndivyo tulivyojua bwawa lipi limekaribia kuganda na lipi bado linahitaji jua.

Nikapima, nikaandika. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi ambaye macho yake yalikuwa mekundu daima kwa mwanga wa chumvi, akatazama daftari langu na kuniuliza kwa nini bwawa la tatu lina namba ile ile ya jana. Nikamjibu kwamba sikulifikia, ila jua lilikuwa lile lile, nikaona haliwezi kuwa limebadilika.

"Mwanangu," akasema, "hapa hatuandiki tunachoona kichwani. Rudi ukapime."

Nikarudi, maji yakinifika vifundoni. Bwawa la tatu lilikuwa jepesi kuliko jana: maji ya bahari yalikuwa yamepenya tuta. Tuta likazibwa mchana ule ule. Nimeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu ninachotaka kuwasimulia ninyi vijana mlio kazini leo ni habari ya wakati nilipokisahau, na mtu aliyekaribia kulipa kwa usahaulifu wangu.

Baada ya miaka mitatu ya chumvi nilihamishiwa kituo kidogo cha utafiti wa mazao, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Nilipanga kwa khalati yangu, dada wa mamangu, Kibarani, na kila asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu kupitia mikorosho, nikikanyaga majani makavu yaliyonukia kama karatasi mpya. Kituo kilikuwa na maabara moja, ofisi mbili, na shamba la minazi mirefu iliyokuwapo kabla ya ua wa kituo kujengwa. Kazi tuliyopewa ilikuwa ya siki. Siki ya madukani ilitoka mbali, na minazi tulikuwa nayo tele. Tulitaka kujua jinsi ya kuitengeneza siki safi kutokana na tembo, ule utomvu wa mnazi unaochacha na kuwa pombe, na kwa hiyo tulilazimika kujua sukari ya tembo hupotea kwa kasi gani, na ukali wake huzaliwa kwa kasi gani.

Mamangu hakufurahi nilipomweleza. Sisi ni watu wa Mambrui. Tembo halijapata kuingia nyumbani kwetu. Akauliza mwisho wake ni nini. Nikamwambia ni siki. Akasema siki ni halali na anaipenda kwenye samaki, ila njia inayopitia ndiyo inayomtia mashaka, basi nami nijihadhari. Nikamwahidi nitajihadhari.

Na nilijihadhari kuliko alivyotaka. Nilivaa glavu. Nilijifunga kitambaa puani na mdomoni. Chupa nilizishika kwa urefu wa mkono, nikageuza uso pembeni kama mtu anayebeba nyoka. Wenzangu wa maabara, wengi wao watu wa bara ya Kilifi waliokulia chini ya mnazi, walicheka mpaka wakachoka. Mmoja alipenda kuniuliza kama leo tembo limeniuma. Sikujali. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Kwa sukari tulikuwa na bomba dogo la kutazamia: unadondosha tone moja kwenye kioo, unalielekeza kwenye mwanga wa dirisha, na kivuli kinakuonyesha namba. Kwa asidi, yaani ule ukali, tulidondosha dawa tone baada ya tone mpaka tembo liliposhika rangi ya waridi, kisha tukahesabu matone. Yote hayo yanawezekana bila pua.

Mwaka wa pili wa kazi ile ikaja kompyuta, na pamoja nayo akaja Mtakwimu. Kompyuta ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, na khalati yangu aliishonea kifuniko cha kitambaa cha pazia ili isiliwe na hewa ya chumvi. Mtakwimu alikuwa kijana mrefu kutoka milimani, mpole, ambaye Kiswahili chake kilikwenda kama mtu anayevuka kijito kwa kuruka mawe. Mwanzoni alidhani namcheka nilipomjibu kwa sentensi nzima. "Ninyi huku," aliniambia siku moja, "hata mkiomba kalamu ni kama mnasoma barua."

Yeye ndiye aliyenifundisha modeli. Modeli ya kasi, alieleza, ni fomyula inayokisia jinsi kitu kinavyobadilika saa baada ya saa. Hamira iliyomo kwenye tembo hula sukari. Kila saa hula sehemu ile ile ya kilichobaki, kwa hiyo sukari hushuka haraka mwanzoni na polepole mwishoni. Unaipa kompyuta vipimo vyako, nayo inatafuta mkunjo unaopita karibu navyo kuliko mikunjo mingine yote. Kisha inakuja hatua ambayo watu wengi huiruka: kuchora masalio. Salio ni tofauti kati ya ulichokipima na kile modeli ilichokisia. Mashine yetu ya kuchapa ilichora mstari ulionyooka katikati ya karatasi, na kila salio likawa nyota ndogo juu au chini ya mstari huo, kwa kelele kama za cherehani.

Sikuelewa faida yake, mpaka aliponiuliza fundi cherehani hujuaje kama gauni limekaa. Nikamwambia hutazama mikunjo. Mikunjo ikitawanyika hovyo ni ya kitambaa tu. Ikikusanyika yote kwenye bega moja, basi bega lile halikupimwa. Akapiga meza kwa furaha. Tangu siku ile hakutumia mfano mwingine kwa mgeni yeyote aliyekuja kutazama kompyuta, na hakuwahi kusema ameupata wapi.

Nikayapenda masalio. Sijui niwaelezeje. Msichana aliyekaa peke yake mbele ya karatasi ndefu yenye matundu kingoni, akitazama nyota zikishuka mstari kwa mstari, na kila nyota ni asubuhi moja ya mtu aliyepanda mnazi. Zikitawanyika kama mchele uliomwagika, moyo wangu ulitulia: modeli imesema yote iliyoweza kusema. Zikijipanga, kuna jambo halijasemwa.

Wagema wetu walikuwa wanne. Kila mmoja alipewa minazi yake shambani, akaruhusiwa kuuza tembo lake kwa masharti kwamba chupa ya kwanza ya kila asubuhi iletwe maabara. Walipoanza, Mkuu wa Kituo aliwaita, akawaagiza waoshe vibuyu vyao vya kukingia tembo kwa maji ya moto kila wanapovishusha, ili vipimo viwe safi. Wote wanne waliitikia.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Kazungu, wa nne kwenye daftari langu. Minazi yake kumi na miwili aliigema tangu kabla ya ua, wakati shamba lilipokuwa la mtu mwingine. Alama za vidato kwenye vigogo alizikata yeye, na nyingine alizikata babake. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, kotama yake kiunoni, yaani kile kisu cha mgema kilichopinda. Aliweka chupa yake kwenye kizingiti, akanisubiri nimwamkie. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu." Basi. Kwa miezi mitano hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote.

Nilipoichora karatasi ya miezi ile mitano, nikizitenga nyota za kila mgema, za watatu zilitawanyika kama mchele. Za Mzee Kazungu zililala zote chini ya mstari. Hapakuwa na hata moja juu. Maana yake ilikuwa kwamba tembo lake lilikuwa na sukari ndogo kuliko ilivyokisiwa, kila siku, jua na mvua.

Hapa ndipo nilipoandika nilichokiona kichwani. Kitu gani hupunguza sukari ya tembo? Maji. Wauzaji wasio waaminifu hulitia maji; hata mtoto analijua hilo. Nikaandika kwenye taarifa ya mwezi, kwa mwandiko wangu mzuri: "Inaonekana tembo la mgema wa nne limetiwa maji." Mtakwimu alikuwa safarini Nairobi. Sikumsubiri.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki huwa na haraka wakipewa karatasi. Alisoma, akakunja uso, akasema minazi ya Kazungu atapewa mtu mwingine kuanzia Jumatatu. Mzee wa umri ule hapewi minazi mipya na mtu yeyote. Mwenye shamba hutafuta kijana. Nyumbani kwake, nilikuja kujua, palikuwa na binti aliyekuwa akisomea ualimu, na masomo yale yalitegemea vibuyu kumi na viwili.

Alhamisi asubuhi alikuja kama kawaida, akaweka chupa kizingitini. Nilimwamkia bila kumtazama. Hakuondoka.

"Bi Zuhura," akasema. Hakuwa amepata kuniita kwa jina. "Nimeambiwa ni wewe uliyeandika."

Nikamwambia ni kweli, na kwamba si mimi ninayesema, ni vipimo. Nikamwonyesha karatasi. Aliitazama kwa adabu, jinsi mtu anavyotazama picha ya jamaa wa mtu mwingine.

"Hiyo mimi siijui kusoma. Nakuuliza jambo moja tu. Ulilinusa?"

"Mimi silinusi, Mzee. Dini yangu hairuhusu."

"Dini yako haikuruhusu kunywa," akasema polepole. "Kunusa, mwanangu, hata anayepita njiani hunusa. Mimi sijatia maji. Maji hayana harufu. Nusa."

Akaenda zake. Wenzangu walijifanya wanaosha chupa. Sikunusa. Niliingia chumba cha kompyuta na kukaa mbele ya sanduku lile, kitambaa changu bado usoni, glavu bado mikononi.

Mchana wa siku ile Mtakwimu alirudi. Nikamweleza yote, nikitumaini ataniambia nimefanya sawa. Alitazama nyota zilizolala, akasema ni kazi safi. Kisha akauliza, "Na za asidi?"

Sikuwa nimezichora. Mkuu alikuwa ameomba sukari tu, na vipimo vya asidi vilikuwa vimelala kwenye daftari langu jekundu, siku baada ya siku, kwa mkono wangu mwenyewe, bila kuingizwa kwenye kompyuta.

"Maji hupunguza nini?" akauliza Mtakwimu.

"Sukari."

"Na nini tena?"

Nikalifungua daftari jekundu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaona. Maji hupunguza kila kitu. Ukitia maji kwenye mchuzi, chumvi hupungua na pilipili hupungua. Kama Mzee Kazungu alitia maji, ukali wa tembo lake nao ulipaswa kuwa chini ya mstari.

Niliingiza namba zile kwa saa tatu. Mtakwimu alikaa kando akisoma gazeti la juzi, na hakunisaidia hata kwa namba moja, jambo ninalomshukuru mpaka leo. Mashine ikaanza kuchapa. Nyota ya kwanza ya mgema wa nne ikatokea juu ya mstari. Ya pili juu. Ya tatu juu. Zilipanda zote, miezi mitano ya asubuhi, zikakaa juu ya mstari kama ndege kwenye waya.

Nikatoka, nikaenda maabara, nikafungua kitambaa. Nikachukua chupa ya mgema mwingine na kuinusa: tamu, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kisha nikanusa ya Mzee Kazungu. Harufu yake ilinipiga katikati ya macho, kali, ya siki changa. Mtu yeyote aliyekulia chini ya mnazi angeijua kwa kupita tu mlangoni. Miezi mitano nilikuwa nimeibeba kwa urefu wa mkono.

Lakini kwa nini? Tembo huweza kuwa kali kwa kuchanganywa na la jana, na hilo nalo ni udanganyifu. Ijumaa kabla jua halijachomoza vizuri nilikuwa shambani, chini ya minazi yake. Alinikuta pale, akaniitikia shikamoo bila kuonyesha mshangao, akapanda. Nilimsikia huko juu akikata ngozi nyembamba ya karara, ule mkono wa maua unaodondosha utomvu. Alishuka na kibuyu, akamimina tembo lote kwenye chombo chake mbele yangu. Kisha, bila kukiosha, akajiandaa kukirudisha juu. Nikamwomba nikitazame. Ndani, chini kabisa, palikuwa na mashapo: utando mzito, wa rangi ya maziwa.

Nikamuuliza habari ya maji ya moto. Kwa mara ya kwanza akaangalia chini.

"Mkubwa alisema, nikamwambia haya. Ningemwambiaje mkubwa mbele za watu kwamba hajui vibuyu? Babangu hakuosha. Kibuyu kikioshwa, tembo huchelewa kuchangamka. Kikiachiwa mashapo haya, kazi huanza tone la kwanza linapoanguka." Akanitazama. "Hukuniuliza, Bi Zuhura. Na mimi nilikuona unavyoshika chupa, nikaona haya kukuambia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye kwa heshima aliitikia na hakufanya. Mimi kwa kujihadhari nilifunga pua na sikuuliza. Tulikuwa tumeheshimiana mpaka karibu tuangamizane. Hamira iliyobaki kwenye mashapo ilikuwa ikianza kula sukari na kuzaa ukali huko huko mnazini, wakati kwa wenzake, walioosha, ilichelewa kuamka. Modeli yangu ilidhani vibuyu vyote ni kimoja.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo saa mbili asubuhi, na karatasi mbili mkononi. Kwenye kituo hiki nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio. Barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa mezani kwake, haijatiwa sahihi, na nilijua. Nikasema nimekosea. Nikaeleza sukari, nikaeleza asidi, nikaeleza mashapo. Alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Kwa hiyo hakutia maji," akasema, "lakini hakuosha, na aliniambia ataosha. Unataka nimpe zawadi?"

Mtakwimu, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima stepla, ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili chake cha kuruka mawe, kama kituo hiki ni cha kutafuta tembo tamu au cha kutafuta siki.

Mkuu akaivuta karatasi ya asidi karibu, akazifuata nyota kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho wa karatasi.

"Mzee abaki na minazi yake," akasema. "Wewe ndiye utakayekwenda kumwambia. Na uandike sahihisho, kwa jina lako, liende kila mahali taarifa ilikokwenda." Barua yangu aliirudisha kwenye droo. Niliipata mwaka uliofuata.

Nilimkuta Mzee Kazungu akinoa kotama. Nikamwambia, nikamwomba radhi. Akasema radhi ipo, akaendelea kunoa. Nilipokuwa nikigeuka akauliza, bila kuinua kichwa, "Ulilinusa lakini?" Nikasema nililinusa. "Likoje?" Nikamwambia lilitaka kunitoa machozi. Akacheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba ana pengo mbele.

Tukaiongezea modeli habari moja: kibuyu kimeoshwa, au hakikuoshwa. Tukachora upya. Nyota zake zikatawanyika kama za wenzake, na siki yetu ya kwanza iliyofaa kupelekwa mezani ilitoka kwenye vibuyu vyake. Alinipa chupa moja, imefungwa kwa gunzi. Mamangu aliionja kwenye samaki, akasema njia yake amekwisha kuikubali.

Baada ya pale nilifanya kazi Malindi, kisha Gede, kisha tena Malindi, chini ya wakuu wanne, wawili wao wazuri. Nilipima udongo, maji ya visima, asali. Kompyuta zikawa nyembamba, nyota zikawa nukta za rangi, na mambo yaliyotuchukua wiki sasa huchukua muda wa kupiga chafya. Sina kinyongo na hayo. Vijana waliopita mikononi mwangu niliwafundisha kuchora masalio kabla ya kuandika neno lolote, na kuchora ya kila kitu walichopima, si ya kile kilichoulizwa tu. Kisha niliwatuma wakamtazame mwenye kazi akiifanya. Wengine waliona hilo la mwisho ni kupoteza mchana. Sikubishana nao. Niliwapa nauli.

Mzee Kazungu amefariki. Binti yake ni mwalimu mkuu aliyekwisha kustaafu, kama mimi. Chupa yake ninayo bado jikoni, na haijawahi kukauka: kila inapopungua huiongezea maji ya nazi na sukari kidogo, na yale mashapo yaliyolala chini huyafanyia kazi yao ya zamani. Mwezi uliopita mke wa mwanangu, msichana mwema anayependa usafi, aliinyanyua kwenye mwanga, akaona utando ule, akasema, "Mama, hii imeharibika, niioshe?" Alikuwa ameishika kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha, uso ameugeuza pembeni.

Nikaondoa gunzi.

"Ilete karibu, mwanangu," nikamwambia. "Nusa kwanza."